Kopa na kopesha: njia ya kutochanganya vitenzi vya Kiingereza

Swali hili halikomi. Mwanafunzi wa kidato cha pili Bunda analiuliza. Kijana wa Butiama anayeandika barua ya kuomba kazi kwenye hoteli za Serengeti analiuliza. Mama anayeuza samaki Mwigobero, ambaye wateja wake wa nje humtumia ujumbe kwa Kiingereza, naye analiuliza: niandike "borrow" au "lend"? "Rise" au "raise"? "Say" au "tell"? Nimezikariri jana, leo zimepotea.

Zinapotea kwa sababu zimekaririwa kama orodha. Mtu akipewa jozi arobaini za kumeza, siku ya mtihani zinamjia zote kwa pamoja na hajui ipi ni ipi. Ninachokushauri ni kuuliza swali moja kila unaposita: Kiswahili changu kinasemaje hapa?

Ukiuliza hivyo utajikuta upande mmoja kati ya miwili:

- Kiswahili kimeshatenganisha mambo yaleyale ambayo Kiingereza kinayatenganisha. Hapo fuata Kiswahili bila woga.
- Kiswahili kinatumia kitenzi kimoja mahali ambapo Kiingereza kina vitatu au vinne. Hapo ndipo makosa yanapozaliwa, na hapo ndipo pa kupunguza mwendo.

Najua wengi wenu mmeambiwa darasani muache kufikiri kwa Kiswahili. Sikubaliani na ushauri huo. Mtoto aliyesoma miaka saba ya msingi kwa Kiswahili, kisha akaingia kidato cha kwanza akakuta karibu masomo yote yamegeuka Kiingereza, hawezi kukizima Kiswahili kichwani kama taa. Afadhali ajue kinamsaidia wapi na kinamponza wapi.

Pale Kiswahili kinapokubeba

Itazame miisho ya vitenzi vyetu. Mtu anakopa, mwingine anamkopesha. Mtu anakumbuka, mwingine anamkumbusha. Tofauti hiyo unaijua tangu utotoni, hukufundishwa na mtu. Sasa iweke kando ya Kiingereza:

- kopa ni "borrow", kopesha ni "lend"
- kumbuka ni "remember", kumbusha ni "remind"
- jifunza ni "learn", fundisha ni "teach"
- panda, kwa bei au maji, ni "rise". Pandisha ni "raise"
- lala ni "lie", laza ni "lay"

Tuanze na hiyo ya kwanza, maana ndiyo inayoulizwa kuliko zote. Mwalimu Nyerere, mtoto wa Butiama, aliifasiri tamthilia ya Shakespeare na kuiita *Mabepari wa Venisi*, ikachapishwa mwaka 1969. Kisa chote kinasimama juu ya mkopo mmoja: dukati 3,000 kwa miezi mitatu. Antonio anakopa ili kumsaidia rafiki yake Bassanio, Shylock anakopesha. Kwa Kiingereza, "Antonio borrows, Shylock lends." Ukikishika kisa hicho huwezi tena kuwageuza watu hao wawili. Pesa inaingia mkononi mwako: "borrow". Inatoka mkononi mwako: "lend".

Halafu tazama neno dogo linalofuata. "I borrowed 10,000 shillings from my uncle." "My uncle lent 10,000 shillings to me," au kwa ufupi, "My uncle lent me 10,000 shillings."

Tahadhari: usipime kwa neno azima. Mtu husema "nimeazima jembe" akiwa amelichukua, na husema "niazime jembe" akitaka apewe. Azima inakwenda pande zote mbili, na ndiyo inayozaa "Borrow me your pen," kosa linalosikika kila darasa. Hata kama ni kalamu au jembe, pima kwa kopa na kopesha. Unataka yeye akukopeshe, kwa hiyo: "Lend me your pen."

*Rise na raise.* Kitu kikipanda chenyewe ni "rise", na vipindi vyake ni "rise, rose, risen". Mtu akikipandisha ni "raise, raised, raised". Mwaka 2020 maji ya Ziwa Victoria yalipanda hadi yakaingia kwenye mialo na nyumba za kando. Hakuna aliyeyapandisha kwa mkono wake: "The lake rose." Lakini mwenye nyumba anayeongeza kodi anaipandisha: "The landlord raised the rent." Kosa la kawaida ni "The price has raised." Uliza: bei imempandisha nani? Hakuna. Basi "The price has risen," au kwa lugha ya kila siku, "has gone up".

*Lie na lay.* Hii inawatesa hata wenye lugha yao, na sababu ni moja: kipindi kilichopita cha "lie" kinafanana na "lay". Iandike mahali unapoiona kila siku:

- kulala, kujilaza, kuwa mahali: lie, lay, lain
- kulaza, kuweka chini: lay, laid, laid
- kusema uongo: lie, lied, lied

Mwalimu alizikwa Butiama tarehe 23 Oktoba 1999. Watu walimlaza: "He was laid to rest at Butiama." Leo amelala pale Mwitongo: "He lies there." Sentensi hizo mbili zina somo zima. Kuku naye anataga, yaani anaweka yai, kwa hiyo "The hen laid an egg."

*Learn, teach na study.* "He learned me English" ni kosa, kwa sababu mtu hakujifunzi, anakufundisha: "He taught me English." Ila neno letu soma lina mtego wake. Linabeba kusoma gazeti na pia kuwa mwanafunzi. Gazeti ni "read", shule ni "study". Nyerere alianza shule Mwisenge, hapa Musoma, mwaka 1934, baadaye akasoma Chuo Kikuu cha Edinburgh, kisha akafundisha Pugu. "He studied in Edinburgh and taught at Pugu." Utakutana na Waingereza wanaosema mtu fulani "read history" chuoni. Ni sahihi kwao, lakini ni ya kizamani kidogo, nawe huihitaji.

*Say na tell.* Hapa Kiswahili kinakupa kipimo kizuri mno. Neno ambia halisimami bila mtu ndani yake: niambie, alituambia, nitawaambia. Sema linasimama peke yake. Na "tell" na "say" ni vivyo hivyo. "She told me." "She said that she was tired." Ukiona umeandika "She said me" au "She told that she was tired", umewabadilishia viti. Usitie pia "to" baada ya "tell": "He told to me" si sahihi. "Speak" ni ya lugha na hotuba, "talk" ni ya mazungumzo.

Nyingine nazipita haraka, kwa kuwa Kiswahili kimekwisha kuzimaliza: ona ni "see", tazama ni "look at" au "watch"; sikiliza ni "listen to"; leta ni "bring", peleka ni "take".

Pale Kiswahili kinapokuponza

Sasa tuko upande wa pili. Vitenzi vyetu vifuatavyo ni vipana, na Kiingereza kimevigawa vipande. Usijaribu kuvifasiri kimoja kwa kimoja. Uliza kwanza: hapa ninamaanisha kipi hasa?

*Kaa*

- kukaa kwenye kiti: "Please sit down."
- kuwa na makazi: "I live in Bweri."
- kukaa siku chache ugenini: "I stayed with my aunt in Bunda for a week."
- kudumu bila kuharibika: "Without ice this fish will not last until tomorrow."

"Where do you stay?" inaulizwa sana huku kwetu tukimaanisha makazi. Mtalii aliyeingia Serengeti kwa lango la Ndabaka akiulizwa hivyo atakutajia hoteli aliyofikia. Ukitaka kujua kwao, uliza "Where do you live?" au "Where are you from?"

*Sikia*

- sauti: "I hear a boat."
- njaa, baridi, maumivu: "I feel hungry," "I feel pain here."
- harufu: "I smell smoke."
- lugha: "Do you understand English?"

Hiki nakisisitiza kwa ajili ya hospitali. Mgonjwa anayemwambia daktari mgeni "I hear pain" anaweza kuulizwa kuhusu masikio. Sema "I feel pain", au rahisi zaidi, "My stomach hurts."

*Safari: panda, shuka, kosa, fika*

Panda mbegu ni "plant". Panda mlima ni "climb". Panda basi ni "get on", na ukisema "I climbed the bus" msikilizaji anakuona juu ya keria. Panda pikipiki au baiskeli ni "ride".

Shuka kwenye basi ni "get off". Unaweza kumwomba dereva "Drop me at the junction," lakini wewe mwenyewe huwezi kusema "I am dropping here." Sema "I'm getting off here." Kwenye gari dogo ni "get out".

Kukosa basi ni "miss": "I missed the bus to Sirari." Ukisema "I lost the bus" ni kama basi lilikuwa lako na sasa hulioni. Kukosa chenji ni "I couldn't find change." Kukosea ni "make a mistake".

Kufika: "We reached Musoma," bila "at". Au "We arrived in Musoma." Chagua moja, usizichanganye.

Na kuna "nakuja" tunayoisema huku tunaondoka. Kwa Kiswahili kila mtu anaelewa kwamba utarudi sasa hivi. Ukimwambia mgeni "I'm coming" halafu ukamgeuzia mgongo ukaenda zako, atabaki ameshangaa. Sema "I'll be right back." Kijana wa mapokezi hotelini anaihitaji sentensi hii kila siku.

*Shinda*

Unashinda mechi, kombe au uchaguzi: "win". Unamshinda mtu au timu: "beat". Shabiki wa Biashara United anayeandika "We won them" anapaswa kuandika "We beat them" au "We won the match." Kushinda nyumbani siku nzima ni "spend the day at home". Na mshahara haushindwi, unaupata kwa kufanya kazi: "earn".

*Fanya*

Hapa sina kipimo cha uhakika cha kukupa, na anayekupa kanuni moja ya "do" na "make" anakupotezea muda. Yapo maelezo kwamba "make" huleta kitu kipya na "do" ni kutenda kazi. Yanasaidia nusu ya safari tu. Jifunze kwa mafungu, kama yalivyo:

- do homework, do business, do the washing, do your best
- make a mistake, make a decision, make a phone call, make money, make tea

*Oa na olewa*

"She was married by a fisherman" inatafsiriwa moja kwa moja kutoka olewa. Kwa Kiingereza inasikika kana kwamba mvuvi ndiye aliyefungisha ndoa, kama padri. Kiingereza hakijali nani anaoa na nani anaolewa: "She married a fisherman," "He married a nurse." Na usiweke "with" baada ya "marry".

Viwili vya haraka: dawa hunywi kwa "drink", ni "take medicine"; tiketi hukati kwa "cut", ni "buy a ticket".

Makosa yanayoanzia sikioni

Wapo wanaojua maana vizuri lakini wanaandika kitenzi kingine, kwa kuwa wanaandika wanavyotamka. Wengi tuliokua na lugha za mkoa huu huzichanganya l na r. Si aibu, lakini katika Kiingereza inageuza kitenzi kizima:

- collect ni kukusanya, correct ni kusahihisha
- play ni kucheza, pray ni kusali
- fly ni kuruka, fry ni kukaanga
- lead ni kuongoza, read ni kusoma
- lend ni kukopesha, rent ni kupanga

Mhudumu anayeandika kwenye ubao wa menyu kwamba leo kuna "flied fish" amewapa wageni samaki aliyeruka. Ni "fried".

Zoezi lake ni la ulimi. Kwa l, ncha ya ulimi inagusa ufizi nyuma ya meno ya juu na kubaki hapo. Kwa r ya Kiingereza ulimi hauligusi paa la mdomo kabisa. Unajikunja nyuma kidogo. Tamka "play, pray, play, pray" taratibu, na mwenzako aseme amesikia lipi. Asipotofautisha, rudia.

Irabu nazo. Kiswahili kina irabu tano, Kiingereza kina nyingi zaidi, kwa hiyo masikio yetu huyasikia sawa "live" na "leave", "fill" na "feel". "I live in Musoma" ni fupi: ninaishi. "I leave Musoma" ni ndefu: ninaondoka. Kwenye usaili wa kazi tofauti hiyo ni kubwa. "Feel" ni kuhisi na kilichopita chake ni "felt". "Fall" ni kuanguka na kilichopita ni "fell". "I fell sick" maana yake niliugua, lakini "I fell hungry" haipo, ni "felt".

Vijineno tunavyoviongeza bure

Vitenzi hivi havihitaji msaidizi, na sisi tunavipachikia:

- discuss the matter, si "discuss about"
- emphasize the point, si "emphasize on"
- request a transfer, si "request for"
- enter the room, si "enter into the room"

Sababu ni Kiswahili tena: tunajadili *kuhusu*, tunasisitiza *juu ya*.

Mnachonipinga

*"Mbona naeleweka tu?"* Kwenye maongezi ya sokoni, ndiyo, unaeleweka, na usiache kuzungumza kwa kuogopa kosa. Lakini kwenye maandishi ya mkopo, "I will lend" badala ya "I will borrow" inageuza nani anadai nani. Na msahihishaji wa mtihani wa kidato cha nne hapimi nia yako, anapima kilichoandikwa.

*"Wamarekani kwenye filamu husema 'lay down'."* Wanasema, wengi sana. Ukiwa unaongea nao hakuna atakayekukatisha. Kwenye mtihani na barua ya kazi andika "lie down".

*"Simu inanisahihishia."* Simu inakamata tahajia. "The bank borrowed me money" haina neno hata moja lililokosewa herufi, na simu nyingi zitaipitisha.

*"Niko nje ya shule miaka mingi."* Basi una nafasi nzuri kuliko mwanafunzi, kwa sababu unachagua vitenzi vya kazi yako tu. Muuza samaki aanze na "lend", "rise", "last" na "weigh". Dereva aanze na "get off", "miss" na "arrive". Vingine vitasubiri.

Namna ya kufanya mazoezi

1. Nunua daftari dogo. Ukurasa mmoja kwa kitenzi kimoja cha *Kiswahili*, kwa mfano kaa. Chini yake andika maana zake, kila moja na sentensi yake ya Kiingereza. Usianze na neno la Kiingereza.
2. Sentensi ziwe za kwako: kijiji chako, bei za kwako, ndugu zako. Za kitabuni husahaulika.
3. Jifunze kusoma alama za kamusi. Kamusi nyingi huweka *vt* kwa kitenzi kinachodai mtendwa na *vi* kwa kisichodai. "Raise" ni *vt*, "rise" ni *vi*. Alama hizo ndogo zinatatua nusu ya maswali mnayoniuliza, na watu wanaziruka.
4. Andika vipindi vyote vitatu pamoja na kitenzi, hasa "lie" na "lay".
5. Usichukue zaidi ya kurasa mbili kwa wiki. Anayechukua kumi anarudi kwenye orodha ileile iliyomshinda.
6. Tafuta mwenzako. Yeye aseme sentensi ya Kiswahili, wewe utoe ya Kiingereza papo hapo, kisha mbadilishane.

Jipime

Aya hii ina makosa manane ya vitenzi. Funika majibu, yatafute kwanza.

*"Yesterday I climbed a bus at Bunda. The conductor said me that the fare had raised. At Bweri I remembered him about my change. I dropped there and I heard hungry. My aunt stays in Makoko, that is her home, so I went to her. She borrowed me 2,000 shillings and we discussed about my exams."*

Majibu, kwa mfuatano:

1. climbed: got on
2. said me: told me
3. had raised: had risen au had gone up
4. remembered him: reminded him
5. dropped: got off
6. heard hungry: felt hungry
7. stays: lives, kwa kuwa ni kwake
8. borrowed me: lent me

Ukihesabu vizuri utaona kuna la tisa ambalo sikulitaja kwenye idadi, kwa makusudi, ili nione nani anasoma hadi mwisho wa sentensi: ni discussed my exams, bila "about".